Mbavu za nguruwe za kuchoma: eti mafuta yote yanaisha kwenye moto?

Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu kila baada ya muda, inasema mbavu za nguruwe ukizichoma mafuta yote yanadondokea motoni, inabaki protini tupu, kwa hiyo kula tu hazinenepeshi. Jamani, si kweli.

Kinachodondoka ni sehemu tu ya mafuta, pamoja na maji mengi, na mengine yamejificha katikati ya nyuzi za nyama yenyewe, hayatoki yote hata uchome mpaka jioni. Gramu 100 za mbavu zilizoiva, bila mfupa, kwa kawaida zina mafuta kama gramu 20 hadi 30, na protini karibu kiasi hichohicho. Sasa gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya protini 4, kwa hiyo kalori nyingi zinatoka kwenye mafuta. Na hapo bado ile sosi tamu, ambayo mara nyingi ni sukari na chumvi.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Acha kipande kilichochomwa kipoe kwenye friji usiku mmoja, asubuhi kikate uone yale meupe yaliyoganda katikati ya nyama.

Naelewa watu wanavyochanganyikiwa, maana ukiona moto unalipuka kila tone likianguka unaamini yote yameisha. Mbavu zina faida, zina zinki na vitamini B1, mwenye afya anaweza kula kwa kiasi. Ila mtu aliyeshauriwa kupunguza mafuta akiamini hiyo meseji anaumia, kwa hiyo ikikufikia tafadhali usiifowadi.