Hasira ya barabarani hupakiwa kabla ya safari

Madereva wa malori ninaowafundisha huja darasani na malalamiko yanayofanana: gari dogo limechomekea mbele, pikipiki imejipenyeza ubavuni, mtu kapiga honi papo hapo taa ilipogeuka kijani. Huwa nawaacha wamalize, kisha nawauliza siku yao ilikuwaje kabla ya huyo aliyechomekea. Hapo ndipo habari yenyewe hutoka. Huyu alikesha kwenye foleni ya kupakia mzigo. Yule alikuwa ameshapigiwa simu na ofisi mara kadhaa akiulizwa amefika wapi. Mwingine aliondoka nyumbani na ugomvi ambao haukuisha. Mwenye gari dogo aliwakuta wameshajaa.

Ndiyo maana siupendi ushauri wa "jizuie tu". Kujizuia kunataka akili iliyopumzika. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walipima uratibu wa macho na mikono, wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huharibu kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva wa namna hiyo ukimwambia awe mvumilivu, unamdai kitu ambacho hana. Njaa nayo huchangia, kadhalika vidonge vya kukesha, ambavyo humfanya mtu awe mwepesi wa kuwaka. Na joto lipo: mwaka 1986 Douglas Kenrick na Steven MacFarlane walifanya jaribio Phoenix, Arizona, gari likisimama makusudi taa ikiwa ya kijani. Kadiri hali ya hewa ilivyokuwa ya joto ndivyo walio nyuma walivyozidi kupiga honi, hasa wale waliokuwa wamefungua madirisha.

Hasira ikishapanda, mwili hujiandaa kwa vita. Adrenalini huingia kwenye damu, moyo hukimbia, misuli ya mabega hukaza. Tatizo kubwa kwa dereva wa lori ni macho. Mtu mwenye hasira humkodolea aliyemuudhi, na vioo vya pembeni husahaulika. Wakati huohuo mkunjo wa tela unaweza kuwa unamfinya mtu mwingine kabisa, asiye na kosa lolote.

Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, lori husonga takribani mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka kabla mguu haujagusa breki imekula mita 33, na breki yenyewe haijaanza kazi. Ukipandisha mpaka 90 ili "umfundishe adabu", nguvu ya mwendo ambayo breki zitalazimika kuimaliza huongezeka kwa karibu asilimia 27, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi. Mzigo mzima uko mgongoni kwako, halafu unataka kushindana na gari la tani moja na nusu!

Sasa nije kwenye hilo la kuchomekewa, maana ndilo linalowaumiza zaidi. Dereva wa lori huacha mwanya mbele kwa sababu anajua anahitaji umbali wa kusimama. Mwenye gari dogo anauona mwanya huohuo kama nafasi iliyoachwa wazi, na hana habari kwamba akiingia karibu na pua ya lori anaweza kupotea kabisa chini ya kioo cha mbele. Wewe unaona dharau, kumbe yeye hajakuwaza hata kidogo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina tabia hii ya kuhukumu kosa la mtu kwa roho yake na kusahau mazingira yaliyomsukuma. Sisi wenyewe tukikosea, huwa tuna sababu: kibao kilifichwa na mti, njia iliisha ghafla.

Huwa nawapigia hesabu ubaoni. Mtu akichomekea, unaachia mafuta kidogo mpaka mwanya urudi, na hilo hukugharimu sekunde mbili au tatu. Tuseme safari nzima wamechomekea watu 60, na kila mmoja kakula sekunde tatu. Jumla ni dakika tatu. Foleni ya getini peke yake hukupotezea zaidi ya hapo, na hakuna anayemfukuza mlinzi wa geti barabarani.

Wengine huniambia kwamba wakitukana ndani ya kichwa cha lori, madirisha yakiwa juu, wanapata nafuu. Naelewa kwa nini wanaamini hivyo, lakini ushahidi hauko upande wao. Katika jaribio la Brad Bushman la mwaka 2002, wanafunzi waliokasirishwa walipewa begi la ngumi walipige huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walitoka na hasira kubwa kuliko wenzao waliokaa kimya tu. Matusi huendelea kumweka mbaya wako mbele ya macho yako hata akiwa ameshapotelea mbali.

Badala yake nafundisha mdomo upewe kazi nyingine: sema kwa sauti unachokiona. "Basi mbele linapunguza mwendo. Kivuko cha waenda kwa miguu kulia. Pikipiki kwenye kioo cha kushoto." Polisi wa Uingereza wamefundishwa kuendesha hivi kwa miaka mingi, kwa ajili ya umakini. Mimi naitumia pia kwa hasira, kwa kuwa ukisimulia barabara inabidi uitazame yote. Kabla ya hapo, achia mafuta, shusha mabega, na utoe pumzi polepole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Ni pumzi ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Mkono wa honi uache utulie; honi ni ya kuonya hatari iliyo mbele, si ya kutoa hukumu kwa jambo lililokwisha.

Ikiwa mwenye hasira ni mwingine, na anakufuata, usisimame kumuuliza. Usimkanyagie breki ghafla ili kumtisha, hilo huua. Funga milango, endelea na mwendo wa kawaida mpaka kituo cha polisi au mahali penye watu na mwanga, kisha upige simu ukiwa umesimama. Kamera ya dashibodi kama ipo itaeleza mengine.

Dereva ambaye hasira inamfuata mpaka nyumbani, hapati usingizi, au kila wiki anakuta amegombana na mtu, huyo mbinu za kupumua hazimtoshi. Aende kwa mshauri wa saikolojia, na aende bila kuficha kazini kama mwajiri ni muungwana.

Wenye ofisi nao husoma hapa, kwa hiyo nawaambia waziwazi. Ratiba ambayo haina nafasi ya foleni ya kupakia inamkasirisha dereva kabla hajawasha injini, na mafunzo yangu hayatairekebisha. Muda aliosubiri kwenye ghala uhesabiwe kuwa kazi, na usifidiwe kwa kumkatia usingizi. Simu apigiwe akiwa amesimama. Gari lina kifaa cha kulifuatilia kwa setilaiti. Mkitaka kujua limefika wapi, angalieni kwenye kompyuta yenu.