Tiba ya umeme: wodini si kama inavyosimuliwa barazani
Kwamba tiba ya mshtuko wa umeme ni kumfunga mgonjwa wa akili na kumpiga umeme mpaka atulie, utalisikia barazani Unguja na Pemba, hata kwa wanafunzi wa uuguzi. Hofu hii ina asili yake: tiba ilipoanza Italia mwaka 1938 haikuwa na dawa ya usingizi, na wapo waliovunjika mifupa kwa nguvu ya degedege, yaani mtukutiko wa mwili unaoletwa na umeme huo.

Utaratibu unaokubalika sasa ni mwingine. Mgonjwa hukaa bila kula angalau saa 6, meno ya bandia hutolewa, kisha hupewa usingizi, dawa ya kulegeza misuli, oksijeni na kikinga meno. Umeme hupita sekunde chache tu. Degedege, aghalabu lisilofika dakika moja, pengine utaliona vidoleni mwa mguu tu. Hurudiwa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa kawaida jumla 6 hadi 12, hasa kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kali isiyosikia dawa.

Kichwa huuma, na kusahau mambo ya siku zile hutokea. Mengine huenda yasirudi. Mgonjwa aambiwe hayo kabla hajaridhia.

Kuhakikisha, wewe mwanafunzi wa uuguzi, muulize mkufunzi wako: nani anatoa usingizi, na fomu ya ridhaa iko wapi? Pasipo usingizi, wasiwasi wako ni wa haki.