Mama, fulari hiyo usiifue

Mama mmoja wa mtaa wa Katuba alinijia mwezi uliopita na mfuko wa plastiki mkononi. Mlikuwa na fulari ya marehemu mume wake (wasomaji wa Kenya na Tanzania mnaiita skafu), mkanda wa ngozi, beji moja na picha moja iliyokunjika pembe. Wazee wa skauti hapa Lubumbashi wanatayarisha chumba cha makumbusho ya historia yao, na kwa kuwa kazi yangu ni kuhifadhi nguo na ngozi za zamani, wameniomba nikague kila kitu kabla hakijaonyeshwa. Mama aliitandaza fulari mezani, akaona haya kidogo.

"Samahani, mwanangu. Nilitaka niifue kwanza, sabuni ikaniishia."

"Ahsante Mungu, mama," nikamwambia. "Usiifue kabisa."

Kama nguo za zamani zifuliwe au zisifuliwe, naulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo leo nijibu kwa kirefu.

Fulari ile ni ya bluu, ina mpaka mweupe. Ukiisogeza karibu na dirisha unaona mistari miwili inayokutana katikati kama msalaba, na juu ya mistari hiyo nyuzi zimekatika. Mtu aliikunja mara mbili, ikakaa hivyo miaka mingi chini ya uzito. Karibu na msalaba huo pana alama ya kijani yenye umbo la beji. Nilimwuliza mama ilikuwa imewekwa wapi. Akasema: ndani ya mto wa kulalia. Mume wake aliishona humo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati utawala wa Mobutu ulipotaka vijana wote wa Zaire (Kongo ya leo) wawe chini ya JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Vyama vingine vya vijana havikuwa na nafasi tena. Beji aliiacha ikiwa imebanwa pale pale.

Sasa fikiria pasi ya moto juu ya mistari ile. Fikiria ndoo ya maji na sabuni. Fulari ingebaki safi na nyororo, na ule mto usingekuwepo tena. Kwangu mikunjo hiyo ina thamani kuliko rangi na kuliko mpaka mweupe, kwa sababu fulari za bluu zipo nyingi duniani.

Kuhusu ile alama ya kijani, sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa sana. Malakiti, jiwe lenye shaba, ni ya kijani, na wazee waliifuata kabla ya kampuni yoyote kuchimba. Beji za skauti za zamani nyingi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Jasho lina chumvi. Chumvi, unyevu na hewa vikiigusa shaba huzaa ule unga wa kijani. Lakini haishii hapo. Shaba hiyo hupenya kwenye pamba na kuharakisha kuoza kwa nyuzi, ndiyo maana kitambaa kilicho chini ya beji hutoboka mapema kuliko sehemu nyingine. Kwenye mkanda ni mafuta ya ngozi yanayokutana na shaba ya bizimu, na hapo hutoka kitu laini cha kijani kama nta. Hicho nakitoa kwa kijiti cha mti, polepole. Tafadhali msisugue beji kwa ndimu na majivu: inang'aa siku mbili, na maandishi yaliyoinuka yanalika moja kwa moja. Beji na kitambaa vitenganishwe kwa karatasi isiyo na asidi au kipande cha plastiki safi ya poliesta, hasa masika yanapoingia.

Nguo na shaba zimeandamana na skauti tangu siku ya kwanza. Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea kusini mwa Uingereza, Robert Baden-Powell alipiga kambi na vijana kama 20, wengine wa shule za matajiri, wengine wa familia za wafanyakazi wa miji ya Poole na Bournemouth. Kila mmoja alipewa beji ya shaba hiyo ya mchanganyiko yenye umbo la ua la yungiyungi. Begani walivaa fundo la sufu la kuonyesha kikundi: Fahali kijani, Mbwa Mwitu bluu, Sululu (ndege wa pwani) njano, Kunguru nyekundu. Uzi wa rangi ukatosha kumwambia mtoto wa tajiri na mtoto wa fundi kwamba leo wanakula chungu kimoja. Kila ninapofungua mfuko wa fulari nauona uzi ule.

Wazee wanataka pia kuonyesha nakala ya shanga za mbao wanazovaa viongozi waliomaliza mafunzo. Nimewaomba kadi yake iseme ukweli wote. Shanga za kwanza, zilizotolewa Gilwell Park, kituo cha mafunzo ya skauti huko Uingereza, mwaka 1919, zilitoka kwenye mkufu wa Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo wa Wazulu, ulioingia mikononi mwa Baden-Powell wakati wa kampeni ya Waingereza huko Zululand mwaka 1888. Chumba cha makumbusho cha Waafrika kikiandika "ukumbusho kutoka Afrika" tu, kitakuwa kimewadharau wenye mkufu. Baden-Powell mwenyewe alifia Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti yenye maana kwamba nimekwenda nyumbani. Hilo nalo wataliweka.

Fulari ya mama sasa iko kwenye friza. Nimeifunga ndani ya plastiki, nikaikamua hewa, ikae wiki mbili kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri ili mayai ya nondo yafe. Umeme ukikatika, naanza kuhesabu upya. Ikitoka, plastiki haifunguliwi mpaka siku nzima ipite, la sivyo umande utaloanisha kitambaa. Baadaye italala imetandazwa, mikunjo ikipumzika bila kunyooshwa, mbali na jua.

Ilibaki picha. Vijana saba mbele ya hema, wamekunja mikono. Nilimpa mama picha, nami nikashika penseli, si kalamu, maana wino hupenya hadi upande wa pili. Aliigeuza, akaigeuza tena, akawa anataja majina kwa sauti ya chini huku nikiandika kwenye kadi. Watano aliwajua. Kwa wawili waliobaki tumeacha mistari wazi, na Jumapili anaipeleka picha mtaa wa Kamalondo kwa shemeji yake, aliyekuwa kikundi kimoja nao.