Chariklo: gimba dogo, pete mbili

Wengi wakisikia pete huwaza Zohali. Mimi huwaza Chariklo, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Ni gimba la barafu na miamba lenye upana wa kilomita 250 hivi, linalolizunguka Jua kati ya Zohali na Uranusi kwa takriban miaka 63 kila mzunguko. James Scotti wa mradi wa Spacewatch, Marekani, ndiye aliyeligundua Februari 1997. Ni miongoni mwa sentauri, magimba yanayotangatanga baina ya sayari kubwa za nje. Obiti zao hazidumu: baada ya miaka milioni kadhaa sayari hizo huzivuruga, na baadhi ya sentauri huishia kuwa nyotamkia.

Hata kwa darubini kubwa Chariklo ni nukta tu. Kwa hiyo tunavizia lipite mbele ya nyota. Waangalizi hutawanyika, kila mmoja na saa sahihi, na kupima nyota ilizimika kwa muda gani pale alipo. Kila kipimo ni mstari mmoja uliokata gimba; ukiipanga mistari, umbo linajitokeza.

Tarehe 3 Juni 2013 kivuli chake kilipita Amerika Kusini, na timu ya Felipe Braga-Ribas wa Brazil ilikuwa imekitegea katika vituo kadhaa. Walitaka kujua ukubwa na umbo, basi. Lakini kabla nyota haijazimika, mwanga wake ulipungua ghafla kwa kitambo kidogo ukarudi. Na ilipowaka tena upande wa pili, ukapungua vilevile. Darubini ya Denmark ya mita 1.54, iliyoko La Silla nchini Chile, ilikuwa na kamera ya kasi kiasi cha kuonyesha kwamba kila upungufu ulikuwa kweli miwili. Pete mbili! Moja ina upana wa kilomita 7 hivi, nyingine 3 hivi, zote zikiwa kama kilomita 400 kutoka kitovu cha gimba. Hadi hapo tulijua pete za sayari kubwa nne tu. Waliozigundua wakazipa majina ya utani Oiapoque na Chuí, mito ya mipakani mwa Brazil, kaskazini na kusini.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye fumbo la zamani. Kuanzia 1997 hadi 2008 Chariklo lilififia polepole, na alama ya barafu ya maji kwenye spektra yake, yaani mwanga wake ukitenganishwa rangi kwa rangi, ikapotea. Mtu angeweza kudhani linatoa gesi na vumbi, maana jirani yake Chiron, lililogunduliwa na Charles Kowal mwaka 1977, lilikutwa na wingu la aina hiyo mwaka 1989, na leo limeorodheshwa kama asteroidi na kama nyotamkia pia. Kumbe ni pete. Mwaka 2008 zilitugeuzia ukingo, kama sahani inayotazamwa kwa ubavu, na mwanga zilizokuwa zikituakisia ukakatika. Zilipoanza kutufungukia tena, mwangaza ulirudi, na barafu nayo ikaonekana. Sehemu ya barafu ile, basi, ilikuwa ya pete.

Linalobaki ni nini kinazishikilia. Pete nyembamba namna hii zikiachwa peke yake husambaa. Wengine wanapendekeza vijimwezi vinavyozichunga, na huenda vipo, ingawa havijaonekana. Mimi naegemea zaidi mvuto wa gimba lenyewe linavyojizungusha. Chariklo hujizungusha kila saa 7. Chembe za pete huchukua takriban saa 21 kulizunguka, yaani karibu mara tatu ya muda huo. Pete ya Haumea, sayari kibete iliyo ng'ambo ya Neptuni, iliyotangazwa 2017, iko karibu na uwiano huohuo wa moja kwa tatu. Ile ya Quaoar, gimba jingine la huko ng'ambo, iliyotangazwa 2023, pia. Magimba matatu ni machache kwa kutunga kanuni, ila kwangu ni mengi mno kuyaita bahati.