Korintho, kanisa lenye karama lililobaki kunyonya

Ushuhuda mwingi makanisani kwetu huanza na mwaka: "Bwana asifiwe, nimeokoka tangu 1998." Ni vizuri kuukumbuka mwaka huo. Lakini mama akiulizwa habari za mwanawe hataji tarehe ya kuzaliwa akanyamaza; atakwambia anakula nini siku hizi, na kama ameanza kusimama dede.

Nikifundisha somo la kukua kiroho huwapeleka wanafunzi Korintho kwanza. Paulo alikaa mjini humo mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), akawafundisha mwenyewe. Miaka michache baadaye, akiwa Efeso, aliwaandikia. Anakiri mapema kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7). Walinena kwa lugha, walitoa unabii. Ukifika sura ya 3 anawaita watoto wachanga: aliwanywesha maziwa, na chakula kigumu bado hawakiwezi.

Hapo ndipo darasa huchangamka, maana sisi tumezoea kumpima mtu kwa karama. Akiomba mpaka mishipa ya shingo imsimame, tunasema huyu amekomaa, na uchaguzi ujao tunampa uzee wa kanisa. Paulo alitazama kwingine. Aliona husuda na fitina: huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mhubiri mwenzake. Sura ya 6 ndugu wanashtakiana mahakamani. Sura ya 11 ndiyo huniuma zaidi. Wamekusanyika kwa Chakula cha Bwana, mmoja ana njaa na mwenzake amelewa, kwa kuwa kila mtu alitangulia kula chakula chake na wasio na kitu wakatahayarika. Hao hao ndio waliokuwa wakishindania kunena kwa lugha!

Mtu anakuaje basi? Waebrania 5:14 inasema chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Neno la Kiyunani lililotumika hapo ni lile la mazoezi ya wanamichezo, kwa hiyo tusitarajie kukomaa kwa mkesha mmoja. Ni kurudisha chenji iliyozidi. Ni kumfuata uliyegombana naye kabla habari hazijafika kwa mchungaji, na kuusoma waraka mzima badala ya ule mstari mmoja uliotumiwa kwenye simu asubuhi. Walokole wa uamsho wa miaka ya 1930 huko Rwanda na Uganda walijulikana kwa hili: aliyeokoka aliungama waziwazi, akarudisha alichoiba.

Kuanguka bado kupo. Petro, mtume wa miaka mingi, alikemewa na Paulo mbele ya watu kule Antiokia kwa kujitenga mezani na Wakristo wa Mataifa (Wagalatia 2).

Mwishoni mwa waraka wake Paulo anawaonyesha Wakorintho watu wa kuwatii, na manabii wao hawamo. Anataja nyumba ya Stefana, malimbuko ya Akaya, yaani waamini wa kwanza wa jimbo lenye Korintho, waliojitia katika kazi ya kuwahudumia watakatifu (16:15-16). Hakuna hata neno moja la Stefana lililoandikwa. Tunajua Paulo aliibatiza nyumba yake, na kwamba Stefana alifika Efeso na Fortunato na Akaiko, wakamburudisha Paulo roho.