Nyaya za 1JZ ndani ya Altezza: dhana potofu na ukweli

Altezza SXE10 ilitoka kiwandani na 3S-GE ya silinda nne. Wapenzi wa magari ya spoti huing'oa na kuweka 1JZ-GTE ya silinda sita yenye turbo mbili, kutoka kwenye Mark II au Chaser za JZX90 za mwaka 1992 hadi 1996. Injini ikishakaa kwenye mauntini na gia boksi ikafungwa, watu huona kazi imekwisha. Lakini kazi ya kichwa iko pale nyaya za gari mbili tofauti zinapokutana, na hapo ndipo imani za gereji zinapogharimu watu ECU nzima, yaani kompyuta ya injini, na wakati mwingine gari lenyewe kuungua.

“Hanesi (fungu la nyaya) yote ikatwe, tuanze upya”

Hapana. Upande wa injini, yaani nozeli, koili, igniter (kifaa kinachoamuru koili zipige cheche), sensa na plagi za ECU, uache kama ulivyotoka Japani. Mafundi wa kiwandani waliubana kwa mashine, na wewe huwezi kuushinda kwa tepu. Kinachohitaji akili ni nyaya zinazotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, na hazifiki ishirini. Muhimu ni hizi: BATT, umeme wa kudumu wa kumbukumbu, +B, unaotoka kwenye relei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), IGSW, kutoka swichi ya funguo, M-REL, ambao ECU hutumia kuamsha relei hiyo kuu, STA, unaoiambia ECU kwamba stata inazunguka, FC, wa relei ya pampu ya mafuta, W, wa taa ya injini, kisha SPD, wa spidi ya gari, na waya wa RPM, wa mzunguko wa injini.

M-REL ndio unaorukwa zaidi. Fundi huunga +B moja kwa moja kwenye swichi, na gari linawaka, kwa hiyo anaridhika. Ila ECU hii hushikilia relei kidogo baada ya funguo kuzimwa ili irudishe vali ya sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) mahali pake. Ukiikatia umeme ghafla, asubuhi sailensi inakuwa juu au injini inazima, na vali inabadilishwa bure.

“Waya wowote wenye volti 12 funguo ikiwa ON unafaa”

Hili ndilo linalotesa watu wengi kuliko yote. Waya wa ACC (wa redio na vifaa vidogo) una volti 12 funguo ikiwa ON, lakini ukipiga stata unakufa. ECU iliyoungwa hapo itakupa dalili moja ya wazi: stata inazunguka vizuri, injini haishiki, ila ukiachia funguo inataka kuwaka kwa sekunde moja. Tafuta waya wa IG (wa kuwashia injini) unaobaki hai ON na START. Weka multimita juu yake, mwambie mwenzako apige stata, usome. Ikishuka kidogo ni kawaida, lakini ikianguka chini ya volti 9 hivi, ama umeshika waya usio wake ama betri imechoka.

Na multimita peke yake inadanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utasoma volti 12, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Fungia balbu ya taa ya breki ya wati 21 mwisho wa waya huo. Ikiwaka kwa nguvu, waya ni mzima. Ikiwaka hafifu, fuata waya hadi upate kiungo kibovu.

“Ethi ni ethi, funga popote”

Ethi, yaani nyaya za kurudisha umeme kwenye nguzo hasi, kwenye 1JZ zina kazi tofauti. E01 na E02 hurudisha umeme mkubwa wa nozeli, nazo hufungwa kwenye injini yenyewe, kwenye chuma kisafi. E2 ni ya sensa. Hurudi ndani ya ECU na haitakiwi kugusa bodi. Ukiifunga kwenye bodi, sensa ya MAP (ya presha ya hewa) na ya throto zitasoma kelele za stata na feni, na injini itakosa utulivu bila sababu unayoiona.

Halafu kuna ule waya mnene wa kutoka blok ya injini kwenda kwenye bodi, ambao hubaki kwenye gari la zamani. Ukikosekana, umeme wa stata unatafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya gia, au nyaya nyembamba za ECU. Kebo ikishikwa na joto wakati wa kupiga stata, acha mara moja. Kipimo ni rahisi: mkono mmoja wa multimita kwenye blok, mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha piga stata. Zaidi ya volti 0.5, ethi yako haitoshi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu.

“Haiwaki, basi ECU imekufa”

Mara nyingi iko hai. Funguo ON: taa ya injini ikiwaka na VC, pini inayolisha sensa, ikasoma volti 5, ECU inapata umeme. Kama VC iko chini, chomoa sensa moja moja ukianza na MAP, kwa sababu sensa au waya uliogusana na ethi huivuta VC chini na kuifanya ECU ionekane maiti.

Unganisha pini za TE1 na E1 kwenye boksi la kupimia, uhesabu taa inavyopepesa. Mpepeso mmoja, kituo, kisha minne ni kodi (namba ya hitilafu) 14: ECU haipati IGF, jibu la igniter kwamba cheche imepigwa. Bila IGF, ECU hukata nozeli, na fundi anabadilisha pampu bure. Kodi 12 ni ishara za NE na G (za mzunguko wa krenki na kemu), 42 ni spidi.

“Fyuzi ikikatika, weka kubwa zaidi”

Fyuzi hulinda waya, hailindi kifaa. Waya wa milimita 0.5 za mraba usipewe zaidi ya ampea 7.5, wa 1.25 ampea 15, wa 2 ampea 20. Pampu ya lita 255 kwa saa inaweza kupita ampea 10 presha ikipanda, kwa hiyo ipe relei yake, waya wa 2.5 kutoka kwenye betri, na fyuzi ya 20 karibu kabisa na betri. Relei hiyo iamshwe na FC, kamwe isitegemee swichi peke yake: injini ikizima kwenye ajali, pampu lazima inyamaze.

“Kulehemu ni imara kuliko kubana”

Lehemu hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuacha sehemu ngumu, na waya hukatika pale ugumu unapoishia, kwa mtikisiko. Bana kwa koleo maalumu na teminali ya saizi yake, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi.

“Rangi ya waya inatosha”

Kwenye Toyota, nyeupe yenye mstari mweusi kwa kawaida ni ethi ya bodi. Zaidi ya hapo usiamini rangi. Fuata jina la pini kwenye mchoro wa injini na wa gari, uthibitishe kwa kupima.

“RPM inasoma juu, mita imeharibika”

Mita ya silinda nne hutarajia mapigo 2 kwa mzunguko, silinda sita hutoa 3. Injini ikiwa 2,000, mita itasoma 3,000. Weka kigeuzi cha ishara kati ya ECU na mita, au rekebisha mita yenyewe. Geji ya joto nayo ina sensa yake: kwenye 1JZ hii, ya pini mbili ni ya ECU, ya pini moja ni ya dashibodi.