Kadi iliyogeuza kompyuta ya mkononi kuwa simu: dhana na ukweli wake

Ukimwonyesha mtu Visor ya kampuni ya Handspring, zile kompyuta za mkononi za kalamu zilizotoka Marekani 1999, akaliona lile tundu kubwa mgongoni (walikuwa wanaliita Springboard), cha kwanza atakwambia ni tundu la memori kadi. Ukimwambia kuna kadi ya kupigia simu iliyokuwa inaingia humo ndo kabisaa, anadhani ni kijikadi tu cha kubebea laini.

Sasa hiyo ndo dhana kubwa, kwamba unachomeka kadi afu kompyuta yenyewe inakuwa simu. Hapana. Kadi hiyo, VisorPhone, iliyotoka mwishoni mwa 2000, ilikuwa simu ya GSM (mfumo wa simu za laini) karibu nzima: redio yake, antena yake, sehemu ya laini, spika ya sikioni, mpaka betri yake. Visor ilichangia skrini, kitabu cha namba na maiki basi. Na hiyo maiki mi ndo inanifurahisha zaidi, maana Visor ilitoka kiwandani nayo wakati yenyewe haina kazi nayo kabisa, waanzilishi wa Handspring kina Jeff Hawkins waliiweka makusudi kwa ajili ya kadi ambazo zilikuwa bado hazijaingia sokoni. Hapo walipiga akili sana.

Kuna wanaosema eti kadi ilikuwa inanyonya betri za Visor. Ingenyonya nini jamani, Visor nyingi zilitumia betri mbili ndogo za AAA kama za rimoti, na simu ya GSM ya masafa ya MHz 900 ikiwa mbali na mnara inaweza kurusha hadi wati 2 kwa vipigo vifupi vifupi, hizo betri zisingehimili. Ndo maana kadi ilikuja na betri yake ya kuchaji. Kero yake ni kwamba unakuwa na betri za aina mbili za kuangalia, kalenda inafanya kazi vizuri huku simu imezima.

Eti kadi yoyote inaingia popote? Springboard ilikuwa na pini 68, na kadi za PC Card za kwenye laptop nazo pini 68, ila umbo tofauti, haziingiliani. Kwenye iPAQ, kompyuta ya mkononi ya kampuni ya Compaq, ilibidi kwanza uivalishe koti la nyuma ndo uchomeke PC Card. Halafu kadi kibao za namna hiyo zilikuwa za data tu, unaweza kuwa na laini, salio na mnara uko pale dirishani lakini kuongea huwezi.

Kuhusu intaneti tusidanganyane. Data ya GSM ya kawaida ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde, faili la MB 1 linachukua karibu dakika 15, na muda wote huo mita inasoma kama umepiga simu. Ilifaa kwa imeili za maandishi. Picha sahau.

Na ile ya kwamba ilikufa kwa sababu ilikuwa mbovu, mi siikubali. Piga hesabu: Visor Deluxe dola 249, kadi dola 299 ukisaini mkataba na mtandao, bila mkataba dola 499, mwishowe unashika mzigo mnene kuliko simu peke yake au kompyuta peke yake. Handspring wenyewe waliliona hilo, mwanzoni mwa 2002 wakatoa Treo 180 yenye simu ndani kwa ndani na tundu la Springboard wakalitupa. 2003 wakanunuliwa na kampuni ya Palm, haohao ambao waanzilishi wa Handspring waliwakimbia 1998.

Kama unaitafuta VisorPhone mtandaoni ili uichomeke laini yako leo, jua ni 2G tu, na AT&T (mtandao wa simu wa Marekani) walishazima 2G tangu mwanzo wa 2017. Huku kwetu 2G bado ipo, ila angalia kwanza masafa ya kadi kabla hujatuma hela, zetu ni 900 na 1800 wakati Marekani GSM ilikuwa inatumia 1900.